Tumeambiwa Tumepona, Mbona Bado Tunakohoa?

Sisi ni watu wa kikohozi kirefu. Tupo wengi kuliko tunavyohesabiwa: mama lishe waliovuta moshi wa kuni tangu usichana, wakaangaji samaki wa soko la Feri, wana-apolo, yaani wachimbaji wa madini, waliozeeka na vumbi la Mirerani vifuani, watu waliougua TB wakamaliza dozi zao zote, wavuta sigara wa zamani, na wengine ambao sigara hawajawahi kuitia mdomoni. Alfajiri kikohozi ndicho kinachotuamsha. Tunatema makohozi mazito kabla ya kunywa chai, na kilima kidogo cha kwenda dukani kinatulazimisha kusimama njiani kana kwamba tunamsubiri mtu. Tumepita zahanati, tumepita kituo cha afya, tumefika hospitali ya wilaya, na wengine hadi ya rufaa. Tumechoka kunung'unika kila mtu peke yake kitandani mwake. Leo tunasema kwa pamoja.

Fungua madaftari yetu ya matibabu uone. Ukurasa huu umeandikwa pumu. Unaofuata, nimonia. Unaofuata, bronkaitisi. Mbele kidogo, apimwe TB. Kisha pumu tena. Mwili ni ule ule na kikohozi ni kile kile, ila jina hubadilika kwa kumfuata aliyekuwa zamu siku hiyo. Wapo kati yetu waliobeba majina haya kwa miaka mingi bila mtu hata mmoja kuwaketisha na kuwaambia: mama, au mzee, mapafu yako huenda yana magonjwa mawili, nayo yanasaidiana kukuumiza.

Magonjwa yenyewe ni haya. Wa kwanza ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao wataalamu huuandika COPD. Vijia vidogo vya hewa huvimba na kuwa vyembamba, vifuko vya hewa hupoteza mnyumbuko wake, na pumzi ikishaingia haitoki yote. Wa pili unaitwa bronkiektasisi. Huu hutanua njia za hewa na kuzilegeza kuta zake, hata makohozi yakakosa nguvu ya kuyasukuma juu. Ni kama mfereji uliobomoka kingo: maji hutuama, na yaliyotuama huoza. Daktari Mfaransa René Laennec, aliyebuni kifaa cha kusikilizia kifua mwaka 1816, aliueleza ugonjwa huu katika kitabu chake cha mwaka 1819. Zaidi ya miaka 200 imepita. Kifaa alichokibuni tunakiona shingoni mwa kila daktari anayetuhudumia, lakini ugonjwa alioueleza hatutajiwi.

Tunalalamika hasa kwa sababu magonjwa haya mawili yanaitana. Moshi na vumbi huharibu vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kuyatoa mapafuni. Makohozi yakibaki, bakteria wanapata makazi. Chembe nyeupe za damu zinakuja kupambana nao, na katika kupambana humwaga vimeng'enya vinavyotafuna hata ukuta wa njia ya hewa. Ukuta ukilegea, njia inatanuka. Ikitanuka, makohozi yanazidi kukaa. Yakikaa, bakteria wanazidi kuongezeka. Mzunguko huu ulielezwa mwaka 1986 na mtaalamu wa mapafu wa London, Peter Cole, na hadi leo ndio msingi wa kuuelewa ugonjwa huu. Ndiyo maana mwenye COPD anaweza kuishia na bronkiektasisi. Kinyume chake nacho hutokea: mwenye bronkiektasisi, kwa kuwa vijia vyake vidogo vimevimba na kujaa makohozi, akipuliza kipimo huonekana mapafu yake yameziba. Anaandikiwa COPD, na uchunguzi unaishia hapo.

Anayebeba yote mawili huumia kuliko anayebeba mmoja. Hutoa makohozi mengi zaidi, huzidiwa mara kwa mara, hukutwa na bakteria wagumu kutibika, na hatari yake ya kufa ni kubwa zaidi. Hayo yamo katika majarida ya madaktari duniani kote. Tunachouliza ni kwa nini hayafiki kwenye chumba kidogo tunamoingia na madaftari yetu mkononi.

Sasa tuseme juu ya TB, maana hapo ndipo wengi wetu tulipoachwa. Tanzania ina heshima kubwa katika vita hivyo. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977, kwa msaada wa mtaalamu Karel Styblo, ulionyesha dunia kwamba hata nchi maskini inaweza kutibu TB kwa mpangilio na kumfuatilia kila mgonjwa. Dawa tulipewa bure. Wauguzi walitupigia simu tulipochelewa. Kwa hilo tunashukuru, na hatutaki mtu adhani tunabeza kazi hiyo. Lakini mwisho wa miezi sita kwenye rejista huandikwa amepona, au amemaliza matibabu, na kitabu hufungwa. Hakuna anayeuliza mapafu yamebaki na hali gani. Vijidudu vimekufa, makovu yamebaki. Pale palipokuwa na vidonda, njia za hewa zimevutwa na kutanuka. Kwingine zimesinyaa na kuziba. TB ya zamani ni chanzo cha bronkiektasisi na pia ni chanzo cha COPD, hata kwa mtu ambaye hajavuta sigara maisha yake yote.

Jirani zetu wa Malawi walilipima jambo hili. Huko Blantyre watafiti waliwachunguza watu 405 waliokuwa wanamaliza matibabu ya TB, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 35 tu. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa bado na dalili za kifua. Kwa asilimia 34, kipimo cha kupuliza kilionyesha kasoro. Na picha ya CT ilionyesha bronkiektasisi kwa asilimia 44. Hawa ndio watu ambao rejista ingewaandika wamepona. Sisi tunaposema bado tunakohoa, tunaambiwa tuna wasiwasi, au tunashukiwa kwamba hatukumeza dawa vizuri.

Kisha tunaanzishiwa dozi ya TB upya. Wapo wenzetu waliorudishwa kwenye dawa hizo kwa sababu tu picha ya eksirei ina makovu na kikohozi hakijakwisha. Makovu hayo ni ya zamani, hayafutiki. Hata mashine ya kupima TB iitwayo GeneXpert, pamoja na uzuri wake wote, inaweza kunasa masalia ya vijidudu vilivyokwisha kufa kwa mtu aliyetibiwa si muda mrefu uliopita. Bronkiektasisi nayo hutoa damu kwenye makohozi, na damu ikionekana tu, kila mtu anataja TB. Hatusemi TB haiwezi kurudi. Inarudi, na lazima itafutwe. Tunachosema ni kwamba isipoonekana, basi lingine litafutwe pia. Mtu asimezeshwe dawa za miezi sita kwa ugonjwa asio nao huku alio nao ukiendelea kumla.

Lipo swali moja tunalokutana nalo karibu kila mahali: unavuta sigara? Mama akijibu havuti, mlango wa COPD unafungwa. Mama huyu amepikia mafiga tangu akiwa na miaka minane. Amewapikia wadogo zake, akampikia mume, akafungua banda la kuuza wali na maharage, akasomesha watoto kwa moshi huo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, sigara inabeba kati ya asilimia 30 na 40 tu ya wagonjwa wa COPD, na moshi wa majumbani ni miongoni mwa visababishi vikubwa. Shirika hilo hilo lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. COPD yenyewe iliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Na hapa kwetu, utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 2018 uliikuta COPD kwa asilimia 17.5 ya watu wa miaka 35 na kuendelea. Karibu mtu mmoja kati ya sita! Kwa hiyo anayetuuliza habari za sigara, atuulize na jikoni tunapikia nini, na kwa miaka mingapi.

Serikali imeona hatari ya moshi, na tunaikubali hatua hiyo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa ziache kuni na mkaa. Lakini nishati safi inaongelewa zaidi kwa ajili ya misitu, na misitu ni haki yake kulindwa. Vifua vyetu je? Wengi wetu tuligawiwa mtungi mdogo wa gesi kwenye mkutano wa hadhara, tukautumia mpaka ukaisha, na sasa umekaa kona ya jiko kwa sababu fedha ya kujaza haipatikani kwa mkupuo. Mkaa tunanunua kwa kopo, kwa shilingi tulizoshika jioni hiyo. Anayetaka tuuache mkaa, atuwekee gesi kwa kipimo cha mfuko wetu.

Wenzetu wa migodini wana donge lao. Vumbi la mwamba lina silika, na silika hutia makovu mapafuni, huongeza hatari ya TB na huziba njia za hewa. Mchimbaji mdogo anashuka shimoni na kitambaa alichojifunga puani. Akianza kukohoa, hana mwajiri aliyesajiliwa, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhudumia mwenye mwajiri. Mwili umetumika, mali imetoka ardhini ikauzwa mbali, na mtu amerudi kwao kwa wazee akiwa hawezi kulima hata tuta moja.

Turudi kwenye matibabu, maana hapo ndipo kutotofautisha magonjwa haya kunatuumiza kila mwezi. Mwenye COPD hutegemea pampu za kupanua njia za hewa, na akizidiwa kwa maambukizi mara nyingi antibayotiki za siku tano hadi saba humtosha. Mwenye bronkiektasisi anahitaji kwanza kufundishwa kutoa makohozi kila siku, na akizidiwa miongozo humpa antibayotiki kwa siku 14, zikichaguliwa kwa kuotesha makohozi maabara. Sisi tunapewa amoksilini ya siku tano, mwezi hadi mwezi. Kama mdudu aliyeko ni Pseudomonas, ambaye hupenda sana mapafu ya namna hii, amoksilini haimtishi hata kidogo. Tunarudi baada ya wiki mbili, tunapewa ile ile. Tukishachoka tunanunua wenyewe duka la dawa, na hivyo usugu wa dawa unaolaumiwa kila siku unazidi kukua, sisi tukiwa ndio watuhumiwa.

Kuna na pampu zenye dawa za jamii ya steroidi. Kwa mwenye pumu ni mkombozi. Kwa baadhi ya wenye COPD zinafaa pia. Lakini inajulikana wazi kwamba kwa wenye COPD zinaongeza hatari ya nimonia, na mwenye bronkiektasisi ambaye tayari amejaa bakteria ana sababu zaidi ya kuzitumia kwa uangalifu. Je, anayetuandikia anajua tuna ugonjwa gani? Hatumwambii mtu aache pampu yake. Asiiache bila daktari. Tunataka tu dawa iandikwe baada ya kujua, si kwa kubahatisha.

Na kujua kunahitaji vipimo. COPD haithibitishwi kwa kusikiliza kifua wala kwa eksirei. Inathibitishwa kwa spairometa, kifaa kinachobebwa mkononi: unavuta pumzi nyingi, unapuliza kwa nguvu zako zote kwa sekunde sita au zaidi, unapewa dawa ya kupanua, unapuliza tena. Ikiwa hewa unayotoa katika sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote uliyotoa, njia zimeziba. Kifaa hakihitaji jengo wala umeme mkubwa, lakini hospitali nyingi tunazokwenda hatukikuti, au kipo na aliyefundishwa kukitumia amehamishwa. Bronkiektasisi nayo huonekana kwenye picha ya CT, pale njia ya hewa inapokuwa pana kuliko mshipa wa damu ulio ubavuni mwake. Eksirei ya kawaida inaweza isiione kabisa. Mashine za CT zimeongezeka katika hospitali za rufaa za mikoa, na hilo ni jambo jema. Ila asiye na bima anaitazama bei na kurudi nyumbani.

Linalotuuma kuliko yote ni kwamba sehemu ya tiba yetu haigharimu fedha nyingi, na bado hatupewi. Mgonjwa anaweza kufundishwa kwa muda mfupi tu namna ya kuvuta pumzi kwa utaratibu, kuishika kidogo, kisha kuitoa kwa mkupuo mdomo ukiwa wazi ili makohozi yapande bila kujichosha kwa kikohozi. Anaweza kufundishwa kulala upande unaofanya pafu bovu limwage. Anaweza kufundishwa kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa anapopanda ngazi. Hapo jirani Kampala, katika Hospitali ya Mulago, waliwachukua watu walioharibiwa mapafu na TB wakawapa mazoezi na mafunzo ya aina hii. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wanatembea mbali zaidi na kupungukiwa na adha. Waganda wameweza, mazingira yao ni yetu. Kwa nini sisi tunapewa dawa ya maji ya kikohozi na tarehe ya kurudi?

Tumesikia pia kwamba mwezi Agosti 2025 Marekani iliidhinisha brensocatib, dawa ya kwanza mahususi kwa bronkiektasisi, inayozuia vile vimeng'enya vinavyotafuna njia za hewa. Tunafurahi kwa watakaoipata. Sisi bado tunagombania salbutamoli, dawa ya miaka mingi, ambayo dirishani tunaambiwa imeisha, kanunue nje. Nje bei yake ni chakula cha nyumba cha siku kadhaa.

Na kuna aibu tunayobebeshwa. Kwenye daladala mtu akikohoa mara mbili, aliyekaa jirani hufungua dirisha na kuhama siti. Wapangaji wamefukuzwa vyumba. Wake na waume wametengewa vikombe. Wapo walioambiwa wamerogwa, wakauza mbuzi kwa waganga. COPD haiambukizi. Bronkiektasisi haiambukizi. Aliyemaliza dozi ya TB na kipimo kikasema hana vijidudu, haambukizi. Maneno haya machache yangesemwa redioni kwa bidii ile ile inayotumika kututangazia mwenye kikohozi akapime, tungekuwa na amani majumbani.

Basi haya ndiyo tunayoyataka, na hatuyaoni kuwa makubwa kupita uwezo wa nchi hii. Kila anayemaliza dozi ya TB apulizishwe spairometa kabla kitabu chake hakijafungwa, na mwenye kasoro apewe rufaa. Kila mwenye COPD anayetoa makohozi mengi au anayezidiwa mara kwa mara atafutiwe bronkiektasisi kwa CT, na kila mwenye bronkiektasisi apimwe kama njia zake zimeziba. Makohozi yaoteshwe kutafuta bakteria wa kawaida pia, si TB peke yake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, au muuguzi aliyefundishwa, awepo hospitali ya wilaya kutufundisha kutoa makohozi. Pampu za msingi zifike vituo vya afya na zisikauke dirishani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Vitita vyake viutazame mwili wa mtu anayekohoa miaka yote, si mwenye presha na kisukari tu. Chanjo za nimonia na mafua, ambazo watu wenye mapafu mabovu katika nchi nyingi hupewa, zitufikie na sisi.

Kwa wenzetu mnaokohoa: kikohozi kikizidi wiki mbili nenda ukapime TB, na majibu yakiwa hakuna TB usikubali kuondoka bila kuuliza, basi ni nini? Taja moshi uliovuta, taja vumbi, taja TB ya zamani na surua au kifaduro cha utotoni, eleza makohozi yako ni kiasi gani na rangi gani. Kama unavuta sigara, iache leo. Kikohozi kikitoa damu, usingoje kesho.

Na kwa wenye dhamana ya afya, waheshimiwa na madaktari wetu, tunawaheshimu na tunajua mnafanya kazi katika uhaba. Lakini anayekohoa kila siku hajapona, hata kama rejista imeandika amepona. Tupimeni magonjwa yote mawili, mtutajie majina yake, kisha mtutibu kwa hayo.